Bourse ya michezo ku Marekani: chuo kidogo kinapata feza wapi, na nani analipa?

Jioni ikifika ku Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, viwanja vya basketi na vya mupira wa miguu vinajaa vijana. Wengi wako na ndoto moja: kupata bourse ya kusoma Marekani kupitia muchezo. Na kuna wanaopata ujumbe kweli. Kocha wa chuo fulani ameona video kwenye simu, anaandika kwamba anapenda kijana aende kucheza kwao. Jamaa inafurahi, jirani wanapongeza, na papa anaanza kufikiri kama atauzisha parcelle ili mutoto asafiri.

Mbele ya kuuzisha kitu chochote, kuna swali ambalo jamaa nyingi haziulizi: kile chuo kinatafuta nini? Mara nyingi tunafikiri kinatafuta muchezaji wa kukiletea kombe. Kwa vyuo vikubwa ni kweli. Lakini kwa vyuo vidogo, vyenye wanafunzi 800, 1,000 ao 1,500, jambo la kwanza ni lingine. Chuo kinatafuta mwanafunzi atakayelipa. Ekipe ya michezo ni njia ya kumupata.

Makala hii inaeleza namna feza ya michezo inavyotembea katika vyuo vidogo vya Marekani, ili muzazi wa hapa kwetu asome ile barua ya bourse kwa macho mawili.

Vyuo havifanani

Ku Marekani, michezo ya vyuo inasimamiwa na mashirika. Lile kubwa ni NCAA, na liko na madaraja matatu. Divizio I ina vyuo karibu 350. Njo vile tunaviona kwenye televisheni. Divizio II ina vyuo karibu 300. Divizio III njo yenye vyuo vingi kuliko zote, zaidi ya 400, na karibu wachezaji 200,000. Pembeni ya NCAA kuna NAIA, ambayo iko na vyuo vingi vidogo, na NJCAA, ya vyuo vya miaka miwili.

Tofauti ambayo muzazi anapashwa kukumbuka ni hii: Divizio III haitoi bourse ya muchezo. Hakuna hata dola moja. Ni sheria. Chuo cha Divizio III kinaweza kusaidia mwanafunzi juu ya alama zake za masomo ao juu ya umaskini wa jamaa yake, lakini hakiwezi kumulipia kwa sababu anajua kufunga vikapu. Divizio I, Divizio II, NAIA na sehemu ya vyuo vya NJCAA ndivyo vinavyoweza kutoa bourse ya muchezo. Na hata kule, bourse nyingi ni nusu ao robo, wala si feza yote.

Kwa hiyo komisioneri akikuambia "mutoto wako amepata bourse ya basketi" ku chuo cha Divizio III, ujue kwamba jina la hiyo bourse si la kweli. Pengine musaada wenyewe uko, lakini hautoki kwenye basketi.

Je, michezo inaingiza feza?

Watu wengi wanafikiri michezo ya vyuo ni migodi ya zahabu. Wanaona viwanja vya watu 80,000, wanasikia mikataba ya televisheni. Feza hiyo iko, lakini iko kwa wachache. Mwaka wa 2019, kati ya vyuo vyote vya Divizio I, ni 25 tu ambavyo michezo yao iliingiza feza kupita ile iliyotumika. Vingine vyote vilijaza pengo kwa feza ya chuo, ao kwa feza ambayo kila mwanafunzi analipa, hata yule asiyecheza.

Kwa chuo kidogo, hesabu ya namna hiyo hata haianzi. Tiketi za mulangoni ni kidogo, ao watu wanaingia bure. Televisheni haiji. NCAA yenyewe inapata zaidi ya dola miliari moja kwa mwaka, na sehemu kubwa inatoka kwenye mashindano ya basketi ya mwezi wa tatu. Lakini Divizio III nzima, na vyuo vyake zaidi ya 400, inapewa 3.18% tu ya mapato hayo, na nyingi inatumika kulipia mashindano ya mwisho wa musimu.

Matumizi, kinyume chake, hayangojei. Kuna mishahara ya makocha, basi za safari, hoteli, chakula cha njiani, nguo na viatu, asiranse, muganga wa wachezaji, majani ya kiwanja, umeme wa sale ya basketi. Tangu mwaka wa 1972 kuna pia sheria inayoitwa Title IX: chuo kinachopata feza ya serikali kinapashwa kuwapa wasichana nafasi sawa na wavulana. Ni sheria nzuri, imefungulia mamilioni ya wasichana mulango. Kwenye bajeti, maana yake ni kwamba ukianzisha ekipe kubwa ya wanaume, unapashwa kufikiri pia ekipe za wanawake.

Sasa, kama muchezo hauingizi feza mulangoni, kwa nini chuo cha wanafunzi 900 kiko na ekipe 20?

Hesabu ya mukubwa wa chuo

Jibu liko ku minerval. Vyuo vidogo vya watu binafsi vinaishi kwa feza ya wanafunzi, na wanafunzi wanapunguka. Ku Marekani, mwaka wa 2007 ndio ulikuwa na vizazi vingi, kisha idadi ikaanza kushuka. Watoto wa mwaka ule wamefikisha miaka 18 sasa. Nyuma yao, wanaofika ni wachache. Kila chuo kinapigania wale wachache.

Muchezo unasaidia katika mapigano hayo. Kijana aliyecheza katika shule ya sekondari na hapendi kuacha, atakwenda kule wanakomupa nafasi ya kuendelea, hata kama kile chuo hakijulikani. Kocha anakuwa kama mutu wa kutafuta wanafunzi. Katika vyuo vingine anapewa hesabu: mwaka huu lete vijana 30.

Tufanye mufano. Hesabu hizi ni zetu, za kuelewesha tu, si za chuo fulani.

Chuo kina bei ya dola 40,000 kwa mwaka, na kulala na kula ndani. Lakini karibu hakuna anayelipa bei hiyo. Chuo kinapunguza nusu, kinaita kile kipunguzo "bourse", na mwanafunzi analipa 20,000. Chuo kinaanzisha ekipe ya football ya Kimarekani yenye vijana 100. Vijana 100 mara dola 20,000 ni milioni 2. Ekipe inakula dola 700,000. Inaonekana chuo kimebakiza milioni 1 na 300,000. Mukubwa wa chuo anacheka.

Lakini ngoja. Tuseme kati ya wale 100, kuna 40 ambao wangekuja hata bila football, juu wanakaa karibu ao mama yao alisoma pale. Wapya kweli ni 60. Hao wanaleta milioni 1 na 200,000. Toa zile 700,000 za ekipe, kunabaki 500,000. Wale 60 wanapashwa kufundishwa, kulishwa na kulazwa. Tuweke dola 7,000 kwa kila mumoja: ni 420,000. Kunabaki dola 80,000 tu.

Mwaka unaofuata, vijana 15 kati ya wale wapya wanaondoka, kwa sababu kocha hakuwapa dakika za kucheza. Wanabaki 45, wanaleta 900,000. Toa ekipe 700,000, toa 315,000 ya kuwatunza. Chuo kimepoteza dola 115,000. Ni ekipe ileile, kiwanja kilekile, lakini faida imegeuka deni.

Njo maana kocha wa chuo kidogo anaandikia vijana wengi, hata walio mbali sana. Na njo maana ekipe zingine zinakuwa na wachezaji wengi ambao hawaingii uwanjani musimu muzima. Kwa kocha wako kwenye orodha, na kwa chuo wamelipa.

Vyuo vitatu, njia tatu

Mifano ya kweli haikosi. Adrian College, katika jimbo la Michigan, ilikuwa na wanafunzi chini ya 1,000 wakati mukubwa mupya, Jeffrey Docking, alipoanza kazi mwaka wa 2005. Alichagua njia ya michezo: viwanja vipya, uwanja wa hockey ya barafu, ekipe mupya nyuma ya ekipe, na kila kocha na hesabu yake ya wanafunzi wa kuleta. Katika miaka michache idadi ikapita 1,600. Vyuo vingi vikaiga. Lakini wote wakiiga, ile faida inapunguka, kwa sababu vijana wanaotafutwa ni wale wale.

Njia ya pili ni ya Spelman College, chuo cha wanawake weusi ku Atlanta. Kilikuwa katika Divizio III. Mukubwa wake wakati ule, Beverly Daniel Tatum, aliangalia hesabu: karibu dola milioni moja kwa mwaka kwa wachezaji 80 hivi, na chuo kilikuwa na wanafunzi karibu 2,100. Mwaka wa 2012 akatangaza kwamba Spelman inatoka katika mashindano, na feza ile itumike kwa mazoezi na afya ya wanafunzi wote. Musimu wa 2012-2013 ukawa wa mwisho. Kuna waliokasirika, kuna waliomupongeza. Swali lake lilikuwa rahisi: feza hii inasaidia wangapi?

Mufano wa tatu ni wa Birmingham-Southern College, katika Alabama, chuo kilichoanza mwaka wa 1856. Kilikuwa Divizio I, na mwaka wa 2006 kikaamua kushuka mupaka Divizio III ili kupunguza muzigo wa bourse za michezo. Kikaanzisha football ili kuleta wanafunzi. Haikutosha. Madeni ya majengo na akiba iliyokwisha vilikilemea, na mukopo wa dola milioni 30 kiliouomba ku jimbo ulikataliwa. Tarehe 31 mwezi wa tano 2024 chuo kikafunga milango. Siku ileile ekipe yake ya baseball ilikuwa uwanjani katika mashindano ya mwisho ya taifa ya Divizio III. Vijana walicheza kwa jina la chuo ambacho kilikuwa kimefungwa.

Tuelewane: muchezo haukuua chuo kile. Lakini haukukiokoa pia. Ekipe inaweza kushinda wakati chuo chenyewe kinazama. Mutu anayetuma mutoto anapashwa kuuliza afya ya chuo, si ya ekipe tu.

Mutoto wa kwetu anaingia wapi katika hesabu hii?

Turudi ku ile barua. Imeandikwa: "Hongera, umepata bourse ya dola 24,000 kila mwaka." Kwetu hizo ni feza za kujenga nyumba. Jamaa inaona mutoto amefika. Lakini bei ya chuo ni 40,000. Kunabaki 16,000 kwa mwaka, na miaka ine inakuwa 64,000. Ongeza asiranse ya magonjwa, vitabu, tiketi ya ndege na nguo za baridi. Na bei ya chuo mara nyingi inapanda kila mwaka, wakati bourse inabaki palepale.

Ile 24,000 haikutoka katika sanduku la banki. Ni kipunguzo. Vyuo vya watu binafsi ku Marekani kwa kawaida vinapunguzia wanafunzi wapya zaidi ya nusu ya minerval. Maana yake, wenzake wengi wamepata barua kama ile, hata wasiocheza.

Kuna tofauti ingine kubwa. Mwanafunzi Mumarekani anayebakiza deni anaweza kuomba musaada na mukopo wa serikali yao. Mutoto anayetoka Kongo kwa viza ya masomo, ile inayoitwa F-1, hana haki ya musaada huo. Kufanya kazi pia kuko na mupaka: ndani ya chuo tu, saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Watoto wa ndugu zetu waliopelekwa kule kama wakimbizi na kupata karatasi za kuishi daima ao uraia, wao wako katika hali ingine. Mara nyingi wakimwambia binamu wa Kongo "mimi nilisaidiwa, na wewe utasaidiwa", hawadanganyi, lakini sheria zao si zake.

Hata nyota anashikwa na viza. Oscar Tshiebwe, mutoto wa Lubumbashi, alichaguliwa muchezaji bora wa basketi ya vyuo Marekani nzima mwaka wa 2022, akiwa University of Kentucky. Wenzake Wamarekani walikuwa tayari wanaruhusiwa kupata feza kwa matangazo. Yeye, juu ya viza ya masomo, hakuweza kuifanya kazi hiyo katika ardhi ya Marekani, na alitumia safari ya ekipe ku Bahamas ili afanye matangazo kule. Tangu mwaka wa 2025 vyuo vikubwa vimeruhusiwa kulipa wachezaji moja kwa moja, mupaka dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Vyuo vidogo haviko katika hesabu hiyo.

Na wale tunaowataja kila siku? Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma, hakupita chuo kikuu. Alitoka shule ya sekondari ya Marekani, akaingia ligi ya watu wa kazi, na mwaka wa 2021 akachaguliwa wa 7 na Golden State Warriors. Dikembe Mutombo alifika Georgetown mwaka wa 1987 kwa bourse ya masomo ya USAID, akitaka kuwa muganga. Basketi ilimufuata pale, na alimaliza masomo yake. Njia zao ni za kweli, lakini hakuna kati yao aliyepita ku chuo kidogo kwa kulipa nusu.

Mulango uko, lakini si ule tunaougonga

Hatusemi vyuo vidogo ni vibaya. Vingi vinafundisha vizuri, mwalimu anajua kila mwanafunzi kwa jina, na diploma inaheshimiwa. Na kuna vichache vinavyoweza kubeba mutoto wa maskini. Berea College, katika Kentucky, haijalipisha minerval tangu 1892. Kila mwanafunzi anafanya kazi ndani ya chuo, na wageni wachache wanaingia kila mwaka. Amherst College, katika Massachusetts, inaangalia wageni bila kuhesabu mufuko wao, na akichaguliwa inajaza kile jamaa haiwezi. Vyote viwili vinacheza Divizio III. Lakini mulango wao unafunguka kwa bulletin, Exetat na Kiingereza. Muchezo unasaidia kocha akujue, kalamu ndiyo inayolipa.

Kuna faida ingine katika Divizio III. Kwa kuwa musaada haufungwi na muchezo, mutoto akivunjika goti ao akiacha ekipe, musaada wake wa masomo unabaki. Bourse ya muchezo katika madaraja mengine mara nyingi inatolewa kwa mwaka mumoja mumoja. Kocha akiondoka, ao akipata mwingine, mwaka unaofuata inaweza kukatwa.

Maswali ya kuuliza mbele ya kutoa feza

1. Chuo kiko Divizio gani, ao shirika gani? Kama ni Divizio III na mutu anasema "bourse ya muchezo", simama hapo.

2. Bei yote ya mwaka ni ngapi, na kinachobaki kwetu ni ngapi? Usiulize ukubwa wa bourse. Uliza kinachobaki, kwa maandishi, kwa miaka yote.

3. Bourse inadumu kwa masharti gani? Alama gani? Akiumia itakuwaje? Kocha akifukuzwa?

4. Ekipe iko na wachezaji wangapi, na wangapi wanacheza kweli? Wangapi walioingia pamoja walifika ku diploma?

5. Chuo chenyewe kina afya? Kimepoteza wanafunzi? Kimefunga masomo fulani ao kufukuza walimu miaka hii? Habari hizo zinapatikana katika magazeti ya kule.

6. Barua imetoka wapi? Ile karatasi ya I-20, inayohitajika kwa viza, inatolewa na chuo chenyewe, kisha chuo kimekubali mwanafunzi na kimeona jamaa iko na feza ya mwaka wa kwanza. Komisioneri hawezi kuitoa. Jina la kocha na adrese yake viko ku tovuti ya chuo: mwandikie pale wewe mwenyewe.

7. Feza tunalipa nani? Malipo ya I-20 ku mufumo wa SEVIS ni dola 350, na ya kuomba viza ni dola 185. Hizo zinalipwa kwa njia ya serikali ya Marekani, wala si kwa simu ya mutu. Tena, viza inaombwa ku ambasade, Kinshasa, kwa hiyo ongeza safari. Na viza ikikatalwa, zile dola 185 hazirudi.

Muzazi akishapata majibu ya maswali haya saba kwa maandishi, akae chini na jamaa yote wahesabu pamoja. Pengine mutatumaini na kutuma mutoto. Pengine mutaona kwamba dola 16,000 za mwaka mumoja zingeweza kusomesha watoto watatu hapa kwetu mupaka mwisho, na muchezo ukaendelea jioni kwenye kiwanja cha kwartie. Uamuzi ni wenu. Lakini ile parcelle ikisha kuuzwa, chuo cha mbali hakiwezi kuirudisha.